Miezi Minane ya Kuchagua Skana

Mama alinionyesha ile bahasha siku ileile daktari wa macho alipomwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Matone atakayotia ni ya kuulinda uliobaki. Tulirudi nyumbani Bunju. Alipomaliza kuswali adhuhuri akavuta sanduku lake la bati kutoka uvunguni, akatoa bahasha yenye mhuri wa studio moja ya Temeke iliyofungwa zamani. Ndani mlikuwa na kipande kifupi cha negativu, ule mkanda wa filamu unaosafishiwa picha, chenye picha mbili tu.

"Huyu dada yako," akasema.

Dada yangu mkubwa sikumjua. Alifariki kwa homa akiwa na miaka sita, mimi bado sijazaliwa. Nyumbani kulikuwa na picha yake moja kwenye albamu, nayo iliondoka kama picha za albamu zinavyoondoka: mgeni anapewa albamu aangalie wakati chai inachemka, akiaga anaaga na picha. Hatukujua ni mgeni gani. Mama hakuililia sana picha ile, na siku hiyo ndipo aliponiambia kwa nini.

Ilikuwa Idd. Mama alimpeleka dada studio, na kwenye foleni mtoto akajimwagia soda kwenye gauni jeupe jipya. Mama akamfinya. Picha ya kwanza ikapigwa mtoto amenuna. Mpiga picha akaona hapana, akajifanya anaanguka na kiti chake, dada akaangua kicheko, ikapigwa ya pili. Siku ya kwenda kuchukua picha, yule bwana akasema ya pili mtoto alifumba macho, kwa hiyo amesafisha ya kwanza tu. Mama akanuia kurudi ili isafishwe hivyohivyo, lakini homa ikatangulia, na baada ya msiba hakuwa na moyo wa kupita tena mtaa ule.

"Kila nikimkumbuka namwona kanuna," akasema. "Mie ndo nilimnunisha. Nataka niione hiyo ya pili kabla haya macho hayajanizimikia. Nijue kama alichekaga kweli au najidanganya."

Nikaiinua negativu dirishani. Nywele nyeupe, gauni jeusi, na uso mdogo kuliko punje ya choroko. Sikuona kicheko wala kilio. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaifanyia kazi.

Kesho yake niliipeleka kwa baba mmoja mwenye kibanda cha picha za pasipoti karibu na kituo. Aliiangalia juani, akanirudishia.

"Sista, mbona ishu ndogo hii? Washa simu, kioo kiwe cheupe kabisa. Weka negativu juu yake, piga na simu nyingine, mie nakugeuzia rangi hapahapa. Dakika mbili."

Nilimwangalia kama mtu aliyenitukana. Picha pekee ya dada yangu, yenye kicheko chake pekee, ipigwe simu kwa simu kwenye kibanda chenye vumbi la barabarani! Ni lazima niseme kwamba nafanya kazi masjala. Maisha yangu yote ni majalada; jambo linafanywa mara moja, linafanywa sawasawa, halafu linahifadhiwa. Nikamshukuru kwa sauti ya kumkatalia, nikaondoka. Nilikuwa nimeshaamua kununua skana yangu mwenyewe, iliyo bora, niiweke nyumbani.

Hapo ndipo uchovu ulipoanza. Naamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini mjini, narudi giza limeshaingia, na kila dakika iliyobaki katikati nikaitia kwenye skana. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali wakibishana. Wa kwanza anasema nunua ile bapa yenye taa kwenye mfuniko, maana negativu inataka mwanga upite ndani yake. Wa pili anasema bapa ni upuuzi, nunua ile ndogo ya mikanda peke yake. Wa tatu anasema skana zote tupa, nunua kamera na lenzi ya kupigia vitu vya karibu. Nikajifunza dipiai, yaani wingi wa vidoti vinavyounda picha, nikajifunza mambo ya vumbi na mikwaruzo. Nikajaza daftari zima, safu kwa safu, kama nafungua jalada jipya. Kila nikikaribia kuamua, anatokea mtu mwingine kwenye video na kuniambia nitajuta.

Mama alikuwa akiniuliza kila Jumamosi, akiwa amekaa barazani na redio yake. "Ile mashine vipi?"

"Bado nachagua, mama. Nataka itoke vizuri."

"Haya mwanangu."

Mwezi wa tatu tangu nianze nikachoka kuchagua, nikaenda Kariakoo. Muuzaji akapiga kofi juu ya skana. "Sista, hii inaskani kila kitu." Nikamuuliza na negativu je? "Kila kitu, nimeshakwambia." Nikaibeba mpaka Bunju magotini, na mama akanisogezea kiti karibu na meza, akatoa miwani yake, akaifuta kwa upindo wa khanga. Nikaweka negativu. Ikatoka mstari mweusi. Nikageuza, ikatoka mstari mweusi. Nilipofungua mfuniko sikuona taa. Ilikuwa skana ya karatasi, kama ile ya kwetu masjala ninayoitumia kila siku, na mimi mwenye daftari zima la uchunguzi nilikuwa nimeinunua kwa sababu nilichoka na jamaa aliongea kwa uhakika.

Nilikasirika hadi nikalia. Mama akarudisha miwani mfukoni. "Si ulisema yule wa pasipoti anaweza?" akauliza polepole.

"Mama, yule ataharibu."

Hakubisha. Nikaagiza ile bapa yenye taa, ya nje, kupitia mtu anayeingiza mizigo. Akasema wiki sita. Ikawa miezi. Mara mzigo umeunganishwa na mwingine, mara uko bandarini, mara kuna karatasi moja haijagongwa mhuri. Na mimi ninayeishi kwa mihuri sikuwa hata na nguvu ya kugomba. Kila jioni nilimpigia simu. Kila jioni alinijibu kwa heshima zote.

Katika miezi hiyo kuna mambo niliyaona nikayapita. Mama aliacha kuchambua mchele, akasema mgongo unamsumbua. Akaanza kumimina chai huku kidole kimechungulia ndani ya kikombe. Siku moja nilifungua geti nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, kisha akasema, "Nilidhani jirani." Nikajiambia jua lilikuwa linampiga usoni. Na Jumamosi aliacha kuniuliza habari za mashine. Hilo nililifurahia, Mungu anisamehe. Nilidhani ameniona nilivyochoka akanihurumia.

Skana ilifika mwezi wa nane tangu siku ile ya bahasha, Ijumaa. Jumamosi asubuhi umeme ulikatika, ukarudi saa tano. Nikaipangusa negativu kwa brashi laini niliyoinunua makusudi, nikailaza kwenye fremu yake, nikafunga mfuniko. Taa ikapita taratibu. Kwenye kompyuta dada yangu akajitokeza kidogo kidogo, kuanzia utosini.

Sijawahi kuona kitu safi namna ile. Nikapiga kelele kumwita mama. Alikuja akipapasa ukuta wa korido, mkono mmoja mbele, na hapo hata mimi sikuweza tena kusingizia jua. Nikamkalisha. Nikaikuza picha mpaka ikajaa kioo chote. Akasogeza uso karibu sana, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, akitafuta upande wenye nafuu.

"Naona weupe," akasema. "Hilo gauni?"

"Ndiyo, mama, gauni." Nikaanza kuongea haraka, kama mtu anayejitetea. "Imetoka safi mno. Uzi wa lesi unauona mmoja mmoja. Doa la soda lipo, hili hapa. Nywele zimesukwa mistari, hata mstari uliopinda unaonekana, hata..."

"Mwanangu." Akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye kipanya cha kompyuta. "Sikuulizi uzi mie. Anacheka?"

Nikapandisha macho. Nilikuwa nimeangalia lesi na doa, usoni sikuwa nimeangalia bado.

"Anacheka, mama."

"Usinifurahishe."

"Wallahi anacheka. Kafumba macho kabisa. Jino la mbele hana."

"La juu?"

"La juu, kushoto."

"Basi ndo yeye," akasema. "Liling'oka juzi yake tu, tukalitupa juu ya bati." Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Basi ndo yeye. Asante." Akakaa pale muda mrefu, uso wake kwenye weupe ule, kisha akaomba nimpeleke akatawadhe.

Nilimfikisha uani, nikarudi mezani peke yangu na aibu yangu. Nikaitoa negativu kwenye fremu. Nikawasha simu yangu, nikafungua ukurasa mtupu, mwanga nikaupandisha mpaka mwisho, nikailaza negativu juu ya kioo. Nikachukua simu ya mama iliyokuwa juu ya redio, nikapiga. Nikatafuta pale kwenye kurekebisha picha, nikageuza rangi.

Haikufika dakika mbili. Picha ilitoka imepinda, rangi imekwenda bluu, vumbi tele, na lesi haionekani kabisa. Nikaikuza kwa vidole viwili. Dada yangu anacheka, jino la mbele hana, na mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo.

"Umepata nini tena huko?" mama akauliza kutoka uani, maji yakichuruzika.

"Hamna, mama," nikamjibu.