Mdomo wa Jogoo

Hapa Kitengela, mama wa hoteli akitumbukiza kuku kwa maji moto, ile harufu ya manyoya hunirudisha Isinya, kwa nyanya yangu.

Nilikuwa nimechuchumaa nikinyonyoa jogoo wakati vijana wa chama waliingia bila hodi. Jogoo ndiye alikuwa alama ya chama chao, na kura zilikuwa zimekaribia.

"Shosho, unachinja jogoo wiki hii? Kwani uko upande gani?" aliuliza mkubwa wao, akigongagonga sufuria yetu na rungu.

Nyanya hakuinuka.

"Kabla ya uhuru, mikutano ya chama ilikatazwa. Jogoo wa kuonyeshwa mkutanoni kama alama ya chama nilimpitisha mimi, mbele ya askari wa mzungu. Nilimweka ndani ya kiondo, nikamfunga mdomo na uzi asiwike. Hivyo ndivyo chama chenu kilivyoingia kwa serikali. Leo mmekuja kunifunga mdomo mimi?"

Rungu likanyamaza. Lakini hakuna aliyeondoka.

Nilipotazama chini, vidole vyangu vilikuwa vimeubana mdomo wa yule jogoo aliyekufa, eti asiwike.