Kijiti cha Jeraniamu Nilichompa Mama Adelina

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja niliyomsalimia Mama Adelina kwa mkono, kisha nikageuka pembeni na kunusa kiganja changu kisirisiri. Kilinukia jeraniamu. Nikajiambia, mwizi nimemshika.

Usicheke bado. Miaka ya tisini nilikuwa kijana, mtunza bustani kwenye nyumba ya masista hapa Ifakara. Wenzangu waliongea mpunga kutwa nzima, mimi nilikuwa na wazimu wa maua. Jani la jeraniamu ukiligusa tu, harufu yake inabaki mkononi hata unawe. Kwa hiyo kila aliyepita bustanini nilimpa mkono, na kila mkono niliunusa, mpaka sista mkuu akaniuliza kama nina mafua.

Nilikuwa na cha kulinda. Sista mmoja mzee alinifundisha kuchanganya maua. Unachagua ua la mama, unang'oa vile vijiti vyake vya chavua kabla havijakomaa, unachukua chavua ya ua la baba kwa ncha ya unyoya wa kuku, unapaka, kisha unalifunika ua kwa kipande cha chandarua ili nyuki wasikuharibie kazi. Baba alikuwa jeraniamu jeupe la palepale kwa masista. Ua la mama nililipata kwa Mama Adelina, jirani yetu msuka mikeka, aliyekaa ng'ambo ya uzio. Alishuka nalo kutoka Mahenge ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, maua mekundu, jani lenye duara la kahawia katikati. Nilipomwomba, alikata tawi zuri kuliko yote akanipa. Hata hakuuliza la nini.

Misimu mitatu nilihangaika. Miche mingi ilitoka ya kawaida tu, mingine ikafa kwa joto la huku bondeni. Kisha mmoja ukachanua: ua jeupe lenye pindo jekundu, na jani lina duara la kahawia na ukingo wa manjano. Nilikaa chini kwenye tope nikautazama. Sista mzee akafurahi, akanionya pia kwamba mbegu zake hazitatoa ua hilohilo. "Ukitaka lisipotee, kata vijiti, otesha vingi, wagawie watu," akasema.

Kugawa? Mimi? Nikaacha mche mmoja tu, maana mmoja ni rahisi kuulinda. Nikawa nahesabu majani asubuhi na jioni. Nikamwaga majivu kuzunguka chungu nione nyayo za mwizi. Nikakuta za kuku, nikaanza kuwaza huyu kuku katumwa na nani.

Ndipo Mama Adelina akaja kuomba.

"Mwanangu Severini, nasikia mtoto wetu katoka mzuri. Nikatie na mimi kijiti nikaweke barazani."

Mtoto wetu! Neno hilo lilinichoma. Mkono unanukia, kila Jumamosi mtu wa baiskeli anasimama mlangoni kwake kama anayenunua maua yangu, na sasa anadai mtoto. Yule wa baiskeli alikuwa mnunuzi wa mikeka, jambo ambalo ningelijua kama ningeuliza. Sikuthubutu kumnyima usoni. Nikakata kijiti, nikaingia nacho jikoni, nikachovya mwisho wake kwenye maji ya chai yanayochemka ili kisiote, nikampa kingali kibichi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo akaanza kunikwepa. Akiniona karibu na uzio anaingia ndani. Nikasema, naam, sasa anapanga kuja kuubeba mche mzima. Masika ilipoanza nikapata msiba Chita. Nikauficha mche ndani ya stoo, nikafunga kufuli, nikaondoka na ufunguo. Mvua ikakata njia, siku nne zikawa wiki tatu. Niliporudi na kufungua, shina lilikuwa jeusi hadi juu, laini, linanuka uozo. Nililia, mwanangu, kijana mzima na ndevu zangu.

Hapo ndipo nikakumbuka kile kijiti. Nikajipa moyo kwamba pengine maji hayakuwa ya moto sana. Nikaruka uzio.

Barazani kwake kulikuwa na kopo jipya, limezungushiwa ukindu aliousuka vizuri kulikinga na jua. Ndani yake kijiti changu kilikuwa kimekauka, lakini udongo ulikuwa umelowa. Alikimwagilia asubuhi hiyohiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Nisamehe, mwanangu. Nimeona aibu kukuambia. Ua lako nimeliua. Kila siku nakichungulia labda kitachipua. Mkono wangu siku hizi haufai."

Ningeweza kunyamaza. Nilimweleza yote: maji ya chai, majivu, harufu ya mkono wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kidole kwenye kopo la zamani pale pembeni, lenye ua lile lile alilonikatia tawi.

"Mkono wangu unanukia hilo," akasema. "Lakini kwa nini hukuninyima tu, Severini? Ningeenda zangu."

Alinikatia tawi jingine. Nilichanganya tena na tena, miaka mingi, na pindo lile jekundu halikurudi.

Sikudanganyi, mimi bado ni mtu wa kushuku. Hata wewe ulivyoingia nimejiuliza umefuata nini. Ila siku hizi nauliza kwa mdomo. Basi na wewe, mtu akikukwepa, muulize kabla hujamtungia kosa, maana huenda anaona aibu kwa jambo ulilomfanyia wewe. Kitu usichotaka kutoa, kikatae waziwazi, aliyeomba atanuna siku mbili yataisha. Na kizuri ulichokipata, kigawe kingali hai, usikifungie stoo.

Nenda, mwanangu. Mungu akioteshe kila unachokipanda. Akujalie na jirani ambaye siku ukimwomba kijiti, atakupa chenye uhai.