Mstari wa Ncha

Fiacre alikuwa akinoa mikasi ya mafundi cherehani wa Joubert Park. Kila Jumamosi, kwa miaka sita, alivuka jiji hadi mtaa wa Kensington kwa Mzee Okuda, Mjapani aliyeng'arisha panga za kwao kwa mkono. Mzee alimfundisha kusugua bapa juu ya jiwe lililolowa, jiwe baada ya jiwe, mpaka chuma kitoe weupe kama wa ukungu. Ncha hakumruhusu. "Bado," alisema kila mara.

Mei 2017 mzee akafariki, upanga mmoja ukiwa umebaki kung'arishwa ncha tu. Mjane wake, Bi Setsuko, akamkabidhi Fiacre. "Mwanangu ataupeleka Japani. Umalizie."

Ncha ya upanga huo hutengwa na bapa kwa mstari mwembamba, mahali nyuso mbili za chuma zinapokutana. Hapo husugui kwa kufuata urefu. Unasukuma kijiwe chembamba kama ukucha kwa kidole gumba, kwa kukingama. Fiacre alilijua hilo. Lakini mkono una mazoea yake. Alipoukaribia mstari, kidole kikaenda kwa urefu, kama kwenye mkasi, mara nne, mara tano, kabla hajang'amua. Akafuta maji. Mstari ulikuwa umelika, umepotea.

Mkewe, Pascasie, alimkuta dirishani, mikono magotini.

"Baba Belyse, umejikata?"

"Afadhali ningejikata."

Alipoelezwa, Pascasie akainama kutazama. "Mimi sioni kitu. Huyo mama ataona?"

"Hataona. Naweza kuweka rula, nikauchora kwa sindano."

"Eish, si uchore basi, tule!"

"Wa kuchora ni uongo. Kuurudisha wa kweli lazima nishushe bapa lote, pande zote mbili, toka jiwe la kwanza. Kila alichosugua mzee kitaondoka."

Pascasie akaacha kutabasamu. "Basi hilo si lako kuamua. Mpelekee mwenyewe."

Kesho yake Bi Setsuko alimsikiliza akiwa amesimama. Fiacre alisema yote, hata habari ya sindano. Mjane akaupokea upanga, akaugeuza penye mwanga, akaipitia polepole kazi ya mwisho ya mumewe.

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu, mama. Na kazi ya mzee haitabaki hata kidogo."

Bi Setsuko akaushusha upanga. "Angekuwa hai angekutukana."

"Kutwa nzima."

Midomo ya mjane ikacheza, lakini kicheko hakikutoka. "Halafu angeanza upya," akasema, akamrudishia upanga. "Karakana iko wazi. Anza leo, nikiwapo."

Fiacre akachagua jiwe linalokwaruza kuliko yote, akalilowesha, akapiga magoti. Bi Setsuko alisimama mlangoni. Upanga ukaenda mara moja, ukarudi, na weupe ule wa ukungu ukafutika chini ya maji ya kijivu.