Walikata Kipaza Sauti Kabla ya Jina Lake

Waliokuwapo uwanjani siku ile ya tamasha ni hawa. Mimi mwenyewe, mwimbishi wa vugo. Wake wenza wawili wa mtaa wa nyuma. Mume wao alishakufa zamani, wao wamebaki kuzozana kwa ajili yake. Mpika mahamri wa kichochoroni kwetu, ambaye ni ndugu yangu wa ziwa, kwani mamake alininyonyesha mamangu alipougua. Binti wa shoga yangu, karani huko Kilindini, aliyeomba ruhusa kazini ili aje. Na bibi wa kamati ya tamasha, mtoto wa mji huu huu, nyanyake alipiga vugo na mamangu. Shoga yangu mwenyewe hakuwapo, alikuwa na miezi mitano kaburini. Lakini pembe yake ilikuwapo, mikononi mwa bintiye.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya wakunga waliowazalisha. Siyaandiki. Katika kikundi chetu jina la mtu huitwa kwa kinywa, pembe ikilia, na kwa jambo hilo hilo nimekasirika mpaka nikashika kalamu, mimi niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya.

Kwa asiyejua, vugo ni ya wanawake. Kila mmoja ana pembe ya nyati na kijiti cha kuipigia, na mmoja huimbisha. Sisi tukifiwa na mwenzetu, pembe yake hutundikwa. Haiguswi, hata na mwanawe, mpaka siku ya kwanza tutakayotoka kupiga. Siku hiyo mimi huyaita majina ya wote waliopiga, tangu mwanamke wa kwanza, mmoja baada ya mmoja, na jina la marehemu huwa la mwisho. Likishaitwa, bintiye hupiga peke yake mara tatu, nasi tukamwitikia. Hapo pembe imerithiwa. Jina halirukwi, wala hatuanzi na la mwisho.

Shoga yangu alinishika mkono alipokuwa mgonjwa. "Binti yangu ana haya," akaniambia. "Usipomsimamisha wewe, pembe itaingia vumbi."

"Nitamsimamisha," nikasema. Hiyo ni ahadi, na ahadi ya mgonjwa si ya kuchezea.

Kaskazi ilipoingia, bibi wa kamati akaja kwangu na makaratasi. "Bibi, mwaka huu twataka asili. Kuna bendi ya Mali, ya Brazili, ya Wazungu wa kaskazini kabisa. Mtafungua nyinyi."

Nikamweleza habari ya marehemu. Nikamwambia majina ni mengi, hayaendi mbio.

"Bibi, jukwaa ni lenu," akasema, na chai yangu akanywa.

Mke mkubwa aliniuliza, "Kwani uani kwako hapatoshi?" Sikumsikiliza. Niliona shoga yangu ataitwa mbele ya mji mzima, na wageni wasikie. Hilo ni kosa langu, nalikubali, lakini la kwangu dogo.

Siku yenyewe tulikalishwa nyuma ya jukwaa, chini ya ukuta wa ngome, tangu adhuhuri mpaka baada ya alasiri. Viti vya plastiki, jua la utosi, maji hakuna. Wazungu wajaribu vyombo vyao, wan tu, wan tu, na mmoja ana baragumu ndefu ya mti.

"Tazama pembe ya yule," mke mdogo akasema. "Ndefu kama ulimi wako."

"Ulimi wangu ulimweka mume nyumbani," akajibu mke mkubwa. "Wako ulimpeleka msikitini hata si saa ya sala."

Tukacheka, hata binti wa shoga yangu akacheka.

Tukapanda. Tukapiga nyimbo mbili za salamu, kisha nikaanza majina. La kwanza, la pili. La tatu ni la nyanyake bibi wa kamati, na nilipolitaja nilimgeukia makusudi, nimpe heshima yake. Alikuwa amesimama ubavuni mwa jukwaa, masikio ameyaziba kwa vile vidude vyao, atazama saa. Akaniinulia vidole viwili. Dakika mbili!

Nikafanya jambo ambalo sijalifanya maisha yangu. Nikakimbia. Majina ambayo kila moja hungoja pembe ziliitikie, nikayatema kama kokwa za zambarau. Nikafika kwa mama wa shoga yangu. Limebaki moja. Bintiye ameshainua kijiti.

Wakakata kipaza sauti.

"Makofi kwa mama zetu wa Mji wa Kale!" akanguruma mtangazaji, na papo hapo ngoma za bendi nyingine zikaanza. Nililiita jina la shoga yangu kwa nguvu zangu zote. Mimi mwenyewe sikujisikia, sembuse bintiye.

Binti alisimama kijiti kiko juu. Watu wapiga makofi, wapiga picha. Kisha akakishusha, akaifunga pembe ndani ya leso. "Mama, twende nyumbani. Watu watutazama."

Chini ya ngazi nikamkabili yule bibi wa kamati. "Umenikata."

"Mlikuwa wazuri sana, Bibi! Lakini ratiba. Wageni wametoka mbali."

"Mbali kuliko kaburini?" nikamwambia. "Nimemtaja nyanyako. Umemsikia?"

Akachomoa kidude sikioni. "Ati?"

Muziki wa ulimwengu, wauita. Ulimwengu mzima umo, isipokuwa nyanya yake.

Kesho yake binti akaniletea pembe, akaiweka kitandani kwangu. "Si yangu, mama. Nilisimama mbele ya mji mzima na sikupewa." Akavuka kwa feri kwake Likoni, asije tena. Salamu alinitumia kwa watu, kama deni la jirani.

Wiki ya tatu mpika mahamri akaja mbio, mikono ina unga. "Umeona ukutani huko Feri?" Nikaenda. Picha kubwa ya tamasha, na aliye kwenye picha ni binti wa shoga yangu, kijiti kiko juu, chini yake imeandikwa: Njooni Tusikie. Wasikie nini? Ile pembe haikulia! Na yeye hupita pale kila siku akienda kazini, akijitazama alivyoaibishwa.

Nikakaa pale pale kwenye jua, nikamngojea ashuke ferini. Aliponiona akashtuka. "Mama, wafanyani hapa?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilitaka makuu. Ijumaa baada ya alasiri, uani kwangu."

"Na wakikukata tena?"

"Atakayenikata safari hii ni Izraili."

Akaja. Tulikuwa wale wale wa kikundi, juu ya mkeka. Niliita majina taratibu, kila moja likajibiwa, chai ikapoa birikani. Nikamwita mama wa shoga yangu. Nikamwita shoga yangu.

Binti akapiga mara moja, pa, sauti kama ya mgonjwa.

"Wabisha hodi au wapiga vugo?" mke mkubwa akamwambia.

Ya pili na ya tatu alizipiga mpaka kunguru wa paa la jirani wakaruka wote. Pembe akaondoka nayo kwapani, bila kuifunga leso.

Bibi wa kamati nilimpelekea habari mapema aje. Hakuja. Alituma fulana zenye jina la tamasha, na barua kwamba mwakani twatakiwa tena. Fulana nazipigia deki. Nyanyake ameitwa mara ya pili, na yeye hayuko.

Sasa mpika mahamri adai Ijumaa ile nilimtanguliza mwanamke mmoja wa Kibokoni kabla ya dadake mkubwa. Mimi nasema sivyo. Kama mlikuwapo na nimekosea, njooni mniambie kwa kinywa, nami nitarudia yote tangu mwanzo. Na wewe bibi wa kamati, kama nafasi ya tatu si mahali pake nyanyako, njoo unisahihishe. Mlango wa ua waujua.