Mama Aganze Akaikalia Ngoma

Aliyetaka kumkasirisha Fortunée hakuhitaji kwenda mbali. Angeweza kuchelewa mazoezi ya kwaya, au kukunja shuka za hoteli pembe zisikutane, au kumwuliza kama huko Kongo nako kuna simu. Lakini tangu mwanawe wa kwanza, Aganze, aingie kwenye ule mchezo wa Kimarekani, hasira nyingine zote zilionekana za kitoto.

Mama Aganze, kama walivyomwita kanisani, alitoka Bukavu na watoto watatu na mume mpole aitwaye Léopold. Wakapewa nyumba kwenye ghorofa ndefu za Ladywood, mjini Birmingham, lifti ikifanya kazi siku inapojisikia. Mchana alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya mjini, akienda na kurudi kwa miguu. Jioni alifundisha kwaya ya kanisa lao, lililokuwa likikodi ukumbi wa shule. Sauti yake ilikuwa kubwa, na aliamini ndiyo iliyomvusha kote alikopita: mpakani, kambini, kwenye madirisha ya ofisi. Hapa Birmingham mtu akinyamaza, aliwaambia kina mama wenzake, watu watampita kama hayupo.

Sasa huo mchezo. Vijana wanavaa helmeti na mabega ya plastiki, wanainama, wanagongana, wanaanguka, filimbi inalia, wanasimama kujadiliana kama wazee wa ukoo. Kisha wanainama tena. Mpira wenyewe umechongoka ncha mbili, na mguu unaugusa kwa nadra sana. Katika vurugu yote hiyo Aganze, kijana wa kupita mlangoni kwa ubavu, hakuwa na ruhusa wala haja ya kuushika. Yeye alikuwa mvamizi. Kazi yake ilikuwa kumkimbilia yule wa timu nyingine anayeurusha mpira na kumwangusha kabla hajaurusha. Fortunée alisimama kwenye manyunyu ya Julai misimu miwili, akingoja siku mwanawe atakapoushika.

"Minauliza tu," alimwambia jikoni, mwiko mkononi. "Ile njo kazi gani? Unakimbiaka, unaanguka, unaamuka. Mupira hauguse."

"Mum, kuugusa si kazi yangu."

"Na Khatib? Yeye anamuangushaka ule mutu kila dimanche, kila Jumapili. Weye?"

Khatib alikuwa mvamizi mwenzake katika timu, wa upande wa pili wa mstari, kijana mwepesi ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Klabu ilihesabu kila mara mrushaji alipoangushwa, na kwenye hesabu hiyo Khatib alimwacha Aganze mbali mno.

"Mimi wananiwekea two guys kila mara," Aganze alisema. "Khatib anabaki na mmoja."

"Babili? Basi pita katikati yabo."

"C'est tactique," alisema Léopold kutoka mezani. Hilo la kwamba ni mbinu ndilo neno pekee alilojifunza kuhusu mchezo ule, na alilitumia kila mahali. Fortunée alitamani kumrushia mwiko.

Tena halikuwa jambo la mzaha. Aganze alikuwa ameacha masomo ya ufundi umeme katikati, akaomba apewe kiangazi kimoja tu. Ujerumani kulikuwa na klabu zinazolipa mishahara, na kocha wake alikuwa amemwomba msaka vipaji wa klabu moja ya huko aje kutazama mechi yao ya mwisho ya nyumbani. Nafasi ilikuwa moja tu ya mvamizi. Akichukuliwa, atakwenda. Asipochukuliwa, atarudi kwenye nyaya zake na mchezo utaishia hapo. Alikuwa ameahidi hivyo mbele ya baba yake na mchungaji, na ahadi ni deni. Fortunée alijaribu kuona ni nani mwenye akili timamu atakayemlipa mshahara mtu asiyegusa mpira. Hakumwona. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huyo alikuwa mtoto wake, aliyembeba mgongoni, na yeye mwenyewe hakuweza kusema thamani yake uwanjani ni ipi.

Basi akaamua kumsaidia kwa kitu alichokuwa nacho. Kwaya nzima itakwenda.

Mchungaji Israël alikubali kufupisha mahubiri Jumapili hiyo, akayafupisha kwa kuyarefusha. Dereva wa basi la kwanza aliikataa ngoma kubwa. Wa pili aliikubali kwa sharti kwamba mtu aikumbatie safari nzima, na Sylvie, mpigaji wao, akaikumbatia hadi Kings Heath. Walifika uwanjani na kitenge cha sare, kina mama, kina baba, ngoma na filimbi, mchezo ukiwa ndio kwanza unaanza. Fortunée alikuwa ameshachoka na kila mtu.

Kanisani kwao mtu akisimama mbele kuomba, wengine hunyamaza. Akimaliza na kurudi kukaa, ndipo ngoma hulia kumshangilia. Hivyo ndivyo walivyofanya. Aganze na wenzake wa ulinzi, wanaocheza wapinzani wakiwa na mpira, walipoingia, kwaya nzima ikanyamaza kwa heshima ili kijana atulie afanye kazi yake. Walipotoka kupumzika, na wenzao wenye mpira wakaingia, Sylvie akaiachia ngoma na uwanja ukatetemeka.

Kumbe mrushaji wa timu yao wenyewe alikuwa akiwapigia wenzake kelele za namba, na hakuna aliyemsikia. Mmoja alianza mapema, mwingine akachelewa. Mwamuzi akawarudisha nyuma, akawarudisha tena. Mpira ukaanguka, wageni wakauokota. Kocha alivua kofia akaitupa chini, na Fortunée, alipoona vile, aliwaambia wenzake waongeze nguvu maana vijana wamekata tamaa.

Mapumziko yalipofika akaja Mzee Tarsem. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nairobi, dereva wa basi dogo la timu, na Kiswahili chake hakikuwa kimepata kutu.

"Mama, pole sana," alisema, "lakini mnaua timu yenu."

"Sisi tunasaidia."

"Mnasaidia wale wengine. Watu wetu wakiwa na mpira, lazima wamsikie mrushaji akiita. Hapo nyamazeni. Wale wakiwa nao, sasa hapo pigeni mpaka Solihull wasikie."

"Donc Aganze akiingia, njo tupige?"

"Hapo hapo."

"Na mbona hakuna mutu alituambia?"

"Mama, nani alijua mtakuja na ngoma?"

Fortunée alimgeukia Léopold na kumwuliza kwa nini siku zote anajifanya anaujua mchezo.

Robo ya tatu kati ya nne za mchezo ilikuwa tamu. Wageni waliposhika mpira Sylvie aliichapa ngoma kwa mikono miwili, kina mama wakapiga vigelegele, na sasa ikawa zamu ya wageni kutosikia. Walibaki kugeuka nyuma kumtazama mrushaji wao, na walipokuwa wakigeuka Aganze alikuwa ameshapita. Akamwangusha mrushaji, kisha akamwangusha tena. Fortunée alicheza mpaka kilemba kikakaa upande, akamkumbatia mke wa mchungaji, ambaye walikuwa hawajasemezana vizuri tangu Pasaka.

Hapo ndipo alipomwona mtu mwembamba mwenye koti la mvua akizunguka uwanja kuja upande wao. Alikuwa yule msaka vipaji. Fortunée akakirekebisha kilemba, akajifuta uso, akajiandaa kupongezwa. Mtu yule alisema maneno machache ya Kiingereza, taratibu na kwa adabu. Fortunée aliyaelewa yote, ila alimwomba Mzee Tarsem ayarudie kwa Kiswahili, huenda yakabadilika njiani.

"Anasema hawezi kupima mtu kwenye kelele hii," Tarsem alisema. "Wale hawasikii wakiitwa kuanza. Hata mimi na magoti yangu ningepita. Anasema hajui kama ameona kijana au ameona ngoma."

"Mwambie ameona kijana."

"Anaomba robo ya mwisho mnyamaze kabisa. Kama hamwezi, ataondoka na kile alichoona, na hicho hakitoshi."

Damu ilimpanda Fortunée hadi masikioni. Walipiga, wakaambiwa vibaya. Wakapiga vile walivyoelekezwa, na sasa hiyo nayo ni vibaya. Watu hawa kila walichokupa kwa mkono wa kulia walikuja kukichukua kwa wa kushoto, tena wakiwa na adabu. Alikuwa na jibu ambalo mzungu yule angelibeba mpaka Ujerumani. Lakini kule kwenye mstari Aganze alikuwa ameinama akinywa maji, akiwa amewapa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kuhema. Fortunée alilimeza lile jibu.

"Hakuna ngoma tena," aliwaambia wanakwaya. "Hakuna filimbi. Hakuna mutu kukohoa."

"Mama Aganze," alisema Mchungaji Israël, "sifa za Bwana hazizimwake na mutu."

"Leo zitazimwa, Pasta."

Sylvie alikuwa ameshainua mikono. Fortunée aliona maneno hayatamfikia kwa wakati, akainua kitenge chake kidogo, akaikalia ngoma.

Kukawa kimya. Magari yalisikika barabarani, na jinsi vijana walivyogongana ikasikika pia, sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa sababu siku zote alikuwa akiipigia kelele.

"Mama, usitazame mpira," Tarsem alisema pembeni yake. "Mtazame kijana wako peke yake."

"Mwenye macho haambiwi tazama," alimjibu kwa ukali. Hata hivyo alitazama.

Aliwaona wawili. Kabla mpira haujasogea walikuwa wameshageuza vichwa kumwelekea Aganze, wakinong'onezana. Mpira ulipotoka mmoja alimgonga kifuani, mwingine akamwingia mbavuni, na nyuma yao alisimama wa tatu, mfupi, akingoja kama angewapita. Aganze alianguka. Akaamka, akarudi mahali pake, akainama. Wakamjia tena. Safari moja alimsukuma wa kwanza mpaka akapepesuka, na wa pili akamshika jezi kwa siri, na mwamuzi alikuwa akitazama kwingine kama waamuzi wote. Robo nzima hakumfikia mrushaji hata kidogo.

Fortunée aliona aibu, na aibu hiyo ikageuka hasira papo hapo, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Mtoto alimwambia ukweli jikoni. Wawili, alisema, kila mara. Na yeye akamwambia apite katikati yao, kama anayemtuma dukani. Baada ya misimu miwili ya kupiga kelele ovyo, sasa ndipo alipojua la kupigia kelele, jezi ile iliyoshikwa, yule wa mbavuni, mwamuzi kipofu, na sasa ndipo alipokatazwa. Alizibana mbavu za ngoma kwa magoti na kuuma midomo.

Mwishoni uwanja wote ulilipuka kwa shangwe. Fortunée hakujua kwa nini. Aganze alikuwa chini, wawili wale juu yake, na mama yake alikuwa akingoja aone kama ataamka. Aliamka. Filimbi ya kumaliza ikalia. Timu yao ilishindwa kwa pointi chache, na Fortunée alijua vizuri zilipotelea wapi.

Msaka vipaji aliongea na kocha kwa muda, kisha akaenda kumshika Aganze mkono, akasitasita kuuachia. Tarsem alirudi kwa kina mama akitembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka.

"Wanamtaka Aganze," alisema. "Khatib hapana. Anasema mtu yeyote akibaki na mmoja mbele yake atapita. Anasema wale wageni walitoa watu wawili kwa kijana wako mchana kutwa, na wale si wajinga."

Kwaya ikapiga kelele. Mchungaji Israël alisema ni yale mahubiri. Léopold alijifuta macho kwa shati na kusema c'est tactique, na mara hii mkewe hakumwambia kitu. Sylvie alikuwa amesimama akiingojea ngoma yake, lakini Fortunée hakuinuka.

Aganze alikuja hadi kwenye uzio, helmeti mkononi, majani yamemganda kidevuni. Aliwatazama wote mmoja mmoja kama anayehakikisha. Hakuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi Ujerumani.

"Nilidhani mmeenda," alisema.

"Twende wapi?"

"Ngoma zilinyamaza tu, ghafla. Nikasema, okay, Mum amechoka na mimi."

Fortunée alikuwa na maelezo marefu, ya mzungu na koti lake, ya Tarsem, ya Sylvie na mikono yake isiyosikia. Akayaacha yote. "Tulikuwa hapa nyuma yako," alisema. "Hukugeuka hata kidogo uangalie?"

"Sikutaka kuangalia."

Alikuwa amecheza robo nzima hivyo, na wale wawili juu yake. Mama yake alinyoosha mkono juu ya uzio akamwondoa majani kidevuni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Aganze akamwacha.

"Lakini ile ya mwisho uliiona?" aliuliza. "Khatib alivyomwangusha yule jamaa? Watu wote walisimama."

"Sikuiona," Fortunée alisema. "Nilikuwa naangalia weye."