Upande wa Ukutani

Juzi nilikwenda Mombo kumtazama binti yangu, nikawakuta wajukuu zangu wamejazana sebuleni, sahani za chipsi mapajani, wanatazama filamu. Filamu yenyewe, ndugu yangu, ilikuwa ya huzuni tangu mwanzo: dunia imeharibika, jua halionekani, watu wanawindana kwenye magofu. Mkubwa wao akanieleza kwamba imetokana na kitabu. Ikafika mahali mama mmoja anapotewa na mwanawe. Nikageuka kuwatazama wale watoto. Mmoja alikuwa anajimiminia tomato, mwingine akasema, "Hapa panaboa, peleka mbele." Nikatoka nje nikakaa barazani na hasira zangu. Binti yangu alidhani wamenikosea adabu, lakini hawakunikosea. Nilikuwa nimekumbuka sinema iliyokuja kijijini kwetu Handeni enzi za vijiji vya ujamaa, na wivu ulionipata kwa sababu yake. Nakwambia kweli, wivu ule haujaniisha mpaka leo.

Kijiji chetu kilikuwa ndani ndani, unaiacha barabara pale Kabuku halafu unatembea mpaka unachoka kuuliza. Tulikuwa tumehamia hapo karibuni. Nyumba zilipangwa mistari miwili iliyonyooka, kuta bado zinanuka udongo mbichi, na kila mtu alikuwa anazoea jirani mpya. Wazazi wangu walikuwa kwenye mkonge upande wa Korogwe pamoja na wadogo zangu. Mimi nilikuwa wa bibi. Nilipewa bibi nikiwa mdogo ili nimsaidie kuteka maji na kuokota kuni, na kwa kweli nilifanya kazi. Maji tuliyafuata lambo, alfajiri, kabla ng'ombe hawajayavuruga, tukarudi nayo kichwani ya rangi ya chai. Jioni nilitwanga makopa ya muhogo, bibi akasonga ugali wake, bada, tukala kwa mlenda nje ya jiko huku moshi ukitufuata kila tulikohamia.

Lakini kitu nilichokuwa nacho mimi ambacho wadogo zangu kule mkongeni hawakuwa nacho ni nusu ya kitanda cha bibi. Kilikuwa kitanda cha kamba chenye godoro la sufi lililobonyea katikati. Bibi alilala upande wa mlangoni, akisema mwizi akija aanze na yeye, mimi nikalala upande wa ukutani. Alinuka moshi na ugoro. Alinikuna mgongo polepole kwa kucha zake ngumu mpaka usingizi unichukue, na nikijinyoosha sana alinisukuma kwa kiwiko: "Mke mwenzangu, sogea huko!" Ndivyo bibi wa kwetu walivyowatania wajukuu wao wa kike, kwamba sote wawili tumeolewa na babu. Babu mwenyewe alikwisha kufa zamani, kwa hiyo tulikuwa wake wenza tusio na cha kugombea.

Basi siku hiyo likaja gari la sinema. Kwa kawaida lilileta picha za kilimo, jinsi ya kupanda mahindi kwa mistari, jinsi ya kuchimba choo. Safari hii ilikuwa ije picha ya kusafisha visima, lakini yule mwenye gari akasema mkanda umekatika, na alichobaki nacho ni sinema moja ya Kizungu. Shuka jeupe lilikwisha kutundikwa na watu walikwisha kukaa na vigoda vyao, ungewaambia nini? Mwenyekiti wa kijiji akakubali. Mwalimu wetu akaitwa ashike kipaza sauti awe anatafsiri, naye akafurahi sana, kumbe ilitokana na kitabu alichokisoma chuoni. Akatutangazia kwamba hii ni hadithi ya siku ambazo hazijafika, mwandishi ameitunga ili kutuonya.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama siku hizo hazijafika, hizo picha wamezipigaje?"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia mwalimu wapate jibu. Mwalimu akaeleza mambo ya waigizaji, mzee akaguna, nikaona hakuridhika.

Sinema ilikuwa ya mji wa kuta tupu. Watu wote wamevaa nguo za namna moja, rangi ya gunia. Serikali ya nchi hiyo, mwalimu alisema, ilikataza mtu kuwa na mtu wake. Kila jioni kengele inalia, kila mtu anachukua blanketi lake na kuhamia chumba kingine kulala na watu wengine, ili pasiwe na wa kumzoea mwenzake. Watoto nao hivyo hivyo. Neno "wangu" ukilisema unafungwa. Mwalimu alilieleza hilo kwa sauti nzito, akitaka tuogope.

Hatukuogopa mara moja. Kwanza akatokea mwanamke humo, akafungua bomba lililotoka ukutani mwa chumba chake, maji yakamwagika meupe. Akanawa uso, akageuka kuongea na mtu, bomba likawa linatiririka tu. Wanawake wa kijiji chetu wakashika vichwa. "Afunge! Jamani, afunge!" Bibi yangu alisimama kabisa. Mwalimu akajaribu kuendelea na mateso ya wananchi wa nchi ile, hakuna aliyemsikiliza mpaka maji yale yalipoondoka machoni.

Kisha kengele ikalia, watu wakabeba mablanketi. Mama mmoja aliyeolewa mke wa pili akasema kwa sauti, "Kengele kama hiyo hata mimi naitaka. Ikilia, mume anahama, hakuna cha zamu wala cha kuvutana." Wanawake wakaangua kicheko, mume wake akajifanya anakohoa. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba hata hizo nyumba mbona zimepangwa kama zetu. Mwenyekiti akasikia. Akainuka mbele ya shuka, sura za Wazungu zikapita juu ya shati lake, akatangaza kwamba ule si ujamaa, wananchi wasije wakachanganya mambo, ujamaa ni kupendana. Akaombwa akae, anaziba.

Mwisho ndio uliokuwa mbaya. Mwanamke yule wa bomba alikuwa amemzoea mtoto mmoja wa kike, si wake wa kumzaa, ikawa kengele ikilia anamficha kabatini ili asihamishwe. Wakamkamata. Mtoto akaongozwa kwenye ujia mrefu, hakugeuka nyuma, na mwanamke akapewa blanketi lake akaambiwa ahame. Basi, ikaisha. Mwalimu aliposema "Mwisho," watu walibaki wanatazama shuka tupu.

Ndipo binti wa jirani yetu akalia. Sikwambii kulia kwa machozi mawili, alilia kwa kelele, akajitupa chini kwenye vumbi, watu wakamzunguka. Alikuwa rika langu, tulikaa naye dawati moja, na mpaka siku hiyo sikuwa nimemwona na lolote la kunizidi. Mama yake alikuwa ndani, kajifungua mapacha wiki zile zile, na yeye alikwisha kuhamishiwa kwenye mkeka jikoni. Kwao kengele ilikuwa imelia kabla ya sinema. Hilo nimeliona ukubwani. Siku ile nilichoona ni mwalimu akimshika kichwa na kusema, "Mnaona? Huyu ameelewa," na mwenye gari akimpa soda aliyojiwekea mwenyewe. Na bibi yangu, bibi yangu mimi, akainama, akambeba mgongoni. Mimi nikafuata nyuma na vigoda viwili.

Akalala kwetu. Bibi akamlaza ukutani, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hafai kulala pembeni. Mimi nikawekwa miguuni.

Nilidhani ni siku ile tu. Kesho yake jioni akaja na kanga yake ameikunja, akasimama mlangoni, "Shikamoo bibi," kwa kisauti cha mgonjwa. Mama yake akashukuru, mapacha hawakuwa wakimpa nafasi ya kupumua. Ikawa hivyo kila siku. Nilalapo miguuni namsikia bibi anakuna mgongo ambao si wangu, kru, kru, kru. Mchana bibi alimpa ukoko wa bada, ambao tangu nipewe bibi ulikuwa haki yangu. Halafu siku moja, tukiwa tunapeta mahindi, nikamsikia anamwambia, "Mke mwenzangu, hebu nisogezee ungo." Nikatazama nyuma nikidhani ni mimi. Haikuwa mimi. Nilisikia wivu tumboni, unauma kama njaa, na siku ile nilitamani serikali ile ya kwenye sinema ije kijijini kwetu na kengele yake.

Nikafikiri sana nikaona dawa. Aliyelia ndiye aliyebebwa, kwa hiyo na mimi nilipaswa kulia, ila kwetu ukilia bila sababu uliongezewa sababu kwa fimbo. Nikasikia gari la sinema litapita Kabuku. Shangazi yangu alikuwa anakaa kule, nikaomba ruhusa kwenda kumsalimia, nikapanda lori la kijiji lililopeleka pamba. Nia yangu ilikuwa moja: niitazame ile sinema, nilie mbele za watu, habari zimfikie bibi.

Kabuku watu walikuwa wengi, madereva na wenye maduka, karanga zinauzwa. Sinema ni ile ile. Lakini kule mwalimu wetu hakuwepo, na mwenye gari, ambaye Kizungu chake hakikuwa kirefu, alitafsiri mwenyewe. Sijui alichoka kuona watu wanaondoka kimya. Ukuta kwa ukuta aliugeuza ule mji ukawa chuo, mablanketi yakawa ya wanafunzi, kengele ya chakula. Na yule mtoto alipoongozwa kwenye ujia, akasema kwa furaha, "Mnamwona! Amefaulu, anapelekwa shule ya bweni!"

Vigelegele vikalia Kabuku nzima. Mimi nipo katikati nimekaza uso, namlazimisha kuku wetu aliyeliwa na kicheche anijie kichwani, nafikiria mazishi, nafikiria ukoko wa bada, machozi hayaji. Mama mmoja kando yangu akanipiga begani. "We mtoto, mbona umenuna? Mwenzio anakwenda shule!"

Nikarudi macho makavu. Nikawakuta bibi na yule mwenzangu wa dawati jikoni, wanachambua mlenda, wamekaa goti kwa goti. Kwa hasira nikasema kila kitu kwa mkupuo.

"Kule Kabuku yule mtoto amepelekwa shule ya bweni. Hakuna aliyelia."

Mwenzangu akaacha kuchambua. "Nani kasema?"

"Mwenye gari. Na sinema ni yake, si ya mwalimu."

"Atarudi?"

"Likizo anarudi."

"Na yule mama? Wakimhamisha, si hatamkuta?"

Hilo mwenye gari hakulisema. Nikamtazama usoni, nikaona kwamba jibu langu ndilo litakaloamua nani alale wapi. "Hawakumhamisha," nikasema. "Amebaki palepale, anamngoja."

Akavuta pumzi, akaendelea na mlenda wake. Jioni ile hakuja, wala kesho yake. Nilimwona kwao amembeba pacha mmoja mgongoni, anamwimbia, anajiona mkubwa. Nikarudi upande wangu wa ukutani, nikajinyoosha nikipenda, nikampa bibi mgongo. Akakuna kidogo, akaacha.

"Sijui yule mwana kama amelala," akasema.

"Amelala, bibi."

"Mapacha hao watamsahaulisha kula." Mkono wake ulikuwa mgongoni pangu, lakini mawazo yalikuwa nyumba ya pili. Kesho yake akauliza tena. Hapo nilijua kwamba nimepata kitanda, si bibi mzima.

Tukakua. Mimi nikaolewa Mnyuzi na mtu wa reli, nikahama na sanduku langu la bati. Mwenzangu akaolewa palepale kijijini. Kila nilipokwenda kumsalimia bibi nilikuta dalili zake: mtungi umejaa, kuni zimepangwa, kitanda kimekazwa kamba mpya. Nilikuwa nashukuru kwa mdomo tu. Bibi alipougua, habari zilichelewa kunifikia, na nilipopata gari mpaka Kabuku na kutembea kilichobaki, walikuwa wamekwisha kuzika asubuhi.

Mwenzangu alinipokea mlangoni, kanga kiunoni, macho mekundu. Alikuwa akilala na bibi tangu aanze kuugua. Sikumwuliza upande gani. Tukakaa kitandani, akanieleza kwamba mwishoni bibi alikuwa haoni vizuri, anachanganya mchana na usiku, na kwamba alikuwa anaita.

"Anamwita nani?"

"Wewe. Jina lako, tena na tena."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Kila alipoita niliitika. 'Abee, bibi.' Akisikia hivyo ananyamaza, analala."

Nilitaka kumkaba, nikataka kumshukuru, nikashindwa yote mawili, nikalala pale ukutani nikalia mpaka watu wakaja.

Siku hizi ukienda huwezi kuiona mistari miwili ya nyumba zetu. Wengi walirudi kwenye mahame ya wazee wao, lambo limejaa matope, na pale lilipotundikwa shuka pamelimwa muhogo. Gari la sinema silisikii tena. Hata watu wa kupiga kelele kwa ajili ya bomba lililoachwa wazi nao sijui walikwenda wapi. Mwenzangu yuko hai, ana wajukuu, na tukikutana misibani tunashikana mikono, tunacheka. Ni mtu mwema, nimekwisha kulikubali hilo. Bibi yangu alikufa akijua kwamba niko naye, na mimi nilikuwa Mnyuzi natwanga mahindi. Namwonea wivu mwenzangu kwa zile abee zote alizoitika, maana zilikuwa zangu.