Nishani ya Mzee wa Sanduku

Jumamosi tarehe tisa Agosti 1958, alfajiri, nilimpoteza baba yangu. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika chumba chetu cha lokesheni, mtaa wa Waafrika hapa Nakuru. Kazi ya kuosha maiti na kuzika ndiyo aliyowafanyia wengine miaka yote, na lokesheni nzima hapakuwa na mtu wa kumfanyia yeye. Nilipomfunika uso nilijua kwamba kazi hiyo ni yangu mimi binti yake.

Baba alikuwa seremala katika karakana ya reli. Kuzika hakukuwa kazi ya mshahara. Alianza na mama, tulipokaa kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja upande wa Molo. Mama alipokufa nilikuwa mdogo, na watu wa kambi walisimama mbali. Kwa watu wetu maiti haikuwa kitu cha kuguswa. Zamani mgonjwa aliyekuwa anakufa alitolewa nje ya boma, na hata baada ya watu kuingia kanisani na kuanza kuzika, woga haukuondoka. Aliyegusa maiti alisemekana kubaki na kitu mkononi, na kitu hicho hakikutoka kwa sabuni. Baba alimwosha mama peke yake, akamzika peke yake.

Tulipohamia mjini habari hiyo ilitufuata. Mtu asiye na ndugu akifariki lokesheni, watu walikuja mlangoni kwetu. Baba hakukataa. Mbao zilizoharibika karakanani aliruhusiwa kuzibeba, naye akatengeneza nazo masanduku.

Lakini watu walewale wakimkuta barabarani hawakumpa mkono. Hawakuwa na chuki. Walimsalimia vizuri, wakamwuliza habari za kazi, mikono yao ikiwa ndani ya koti. Baba akaona awaondolee aibu. Akawa anatoa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kulima na kiganja chake kina udongo. Wao walikigusa kidogo na salamu ikaisha. Alifanya hivyo hata akiwa ametoka kuoga. Mwishowe mkono ukazoea, ukawa unajikunja wenyewe.

Aliyemtania zaidi ni mwenye bucha, jirani yetu wa mlango wa tatu.

"Mzee wa sanduku," alimwambia siku moja mbele ya wateja, "huo mkono usinipe leo. Nitaushika siku nitakayolala kwenye sanduku lako."

"Wewe bwana unashika maiti kutwa," baba akamjibu, "tena unaziuza kwa ratili."

Wateja walicheka, na baba alicheka nao. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila jioni moja tukila aliniambia kwamba angependa, kabla hajafa, mtu mmoja wa hapa lokesheni amshike mkono kama watu wanavyosalimiana. Akaomba chumvi.

Mwaka uliotangulia kifo chake, klabu moja ya mjini ilimwita. Ilikuwa klabu ya wazungu, pamoja na wahindi wachache, watu wa kula chakula cha mchana pamoja na kuchangia hospitali na watoto yatima. Kila mwaka walitoa nishani kwa watu waliosaidia wenzao. Afisa mmoja wa ustawi wa jamii, Mwafrika mwenzetu wa kuvaa tai, ndiye aliyempendekeza baba. Alikuja chumbani kwetu kumfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuvua kofia, mahali pa kusimama na maneno ya kushukuru. Kutoa mkono hakumfundisha, kwa sababu kila mtu anajua.

Siku hiyo afisa alitupeleka yeye mwenyewe, kwa maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na upande ule wa mji mtu wa lokesheni aliulizwa maswali kila kona. Upepo ulikuwa unaleta vumbi jeupe la ziwani, na koti la baba, ambalo nilikuwa nimelipiga pasi, likafika limechafuka. Tulikaa nyuma. Alianza kuitwa bibi mmoja wa kizungu aliyeendesha zahanati ya watoto, akafuata mfanyabiashara wa kihindi aliyegawa mablanketi. Kisha wakamwita baba, na mwenyekiti akasoma kwa Kiingereza kazi aliyoifanya. Afisa alikuwa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Hawakuficha kitu. Walisema anaosha maiti na kuzika.

Mwenyekiti alimvalisha nishani, kisha akanyoosha mkono. Baba akampa kifundo.

Mwenyekiti alimtazama, nadhani alifikiri mkono una jeraha. Afisa akainuka kitini.

"Mzee, mkono," akasema. "Toa mkono wenyewe."

Baba alikunjua vidole polepole. Mwenyekiti alikishika kiganja kile akakitikisa, na watu wakapiga makofi. Baba alirudi kwenye kiti chake akiutazama mkono wake, si nishani.

Njiani aliniuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona. Akauliza kama yule mzungu alijua kazi yake ni nini hasa, nami nikamhakikishia kwamba aliisoma mwenyewe mbele ya watu wote.

"Basi kama yule anajua na ameshika," alisema, "hata hawa watashika."

Kesho yake alivaa nishani akaenda bucha. Nilikuwa naye, nilikuwa na kikapu. Mwenye bucha aliisifu sana nishani, akawaita wateja waione. Baba alipoona wamefurahi akanyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi. Mwenye bucha aliutazama. Safari hii hakufanya mzaha.

"Mzee, yule mzungu alipanda gari lake akaenda kwake," alisema. "Mimi nakata nyama ya watu wa hapa. Nikishika, nani atanunua kwangu?"

Baba alikunja mkono akampa kifundo, naye akakigusa. Tulinunua nyama tukarudi. Nishani aliitia kwenye mkebe wa misumari, na sikumwona akiivaa tena. Aliendelea kuzika watu mpaka kifua kilipomlaza.

Asubuhi ile ya Jumamosi nilichemsha maji. Sikuwahi kugusa maiti maishani mwangu, na niliogopa. Niliogopa baba yangu mwenyewe, hiyo ndiyo kweli. Nilianza na miguu kwa sababu ilikuwa mbali na uso. Nilipofika mikononi woga ulikuwa umepungua. Nikamvalisha koti lile. Sanduku lake alikuwa amelitengeneza mapema, lilikuwa chini ya kitanda, na vijana wawili wa kanisa walinisaidia kumweka ndani wakimshika kwa blanketi.

Watu walijaa nje. Nilipotoka walikuja kunipa pole, na kabla sijafikiri nikawa nawapa kifundo cha mkono. Walikigusa, mmoja baada ya mwingine.

Mwenye bucha alikuja wa mwisho. Alikuwa amefunga bucha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya Jumamosi. Hakunipa pole. Aliniomba ruhusa aingie, nami nikamfuata. Alisimama kando ya sanduku muda kidogo, kisha akainama, akautoa mkono wa baba kwenye koti akaushika. Mlango ulikuwa wazi, na wote waliokuwa nje walimwona.

"Tulisema nikilala mimi," akamwambia. "Wewe umetangulia, mzee."

Aliurudisha mkono mahali pake, akatoka nje akiwa ameuweka wake mbali na nguo. Akaniambia, "Dada, nipe maji."

Nilimletea beseni na sabuni nikammiminia. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akarudia tena. Alipomaliza alitaka kunipa pole, akaninyooshea kifundo cha mkono.

Nilimshika kiganja. Kisha nikaenda kumwaga maji.